Mabati ya Barza ya Mama Fibi

Siku ya pili ya matanga ya Mama Fibi, mawingu yalijikusanya juu ya mto Shari, na vijana wakaanza kuhangaika kutafuta kitu cha kuwafunika wanawake waliokaa kwenye mikeka kuzunguka jeneza. Dezire, mtoto wa ndugu yake, ambaye sasa ndiye mrithi wa kiwanja, alizunguka nyuma ya jiko akarudi na wenzake wamebeba mabati yaliyokuwa yameegemezwa ukutani miaka mingi, majani yakining'inia pembeni. "Hizi bati ni za nani?" akauliza. "Kila mutu namuuliza anasema hajue. Tantine Noela, weye ulikuwa unashona naye. Ni za nani?" Wanawake wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Ariwara ninakoishi, nimekalia magunia ya vitunguu juu ya lori mpaka miguu ikavimba, na nilikuwa bado sijalia vizuri. Mabati yale nayajua kuliko vyombo vyangu vya nyumbani. Lakini ni ya nani? Swali hilo nimetembea nalo toka ujana, na kila nikidhani nimelijibu, kesho yake najikuta nimerudi nilipoanzia. Nikamwambia, "Ngojea kwanza, mutoto wangu," nikaomba maji ya kunywa.

Nitaeleza mwaka mmoja tu, mingine haina kazi hapa. Ulikuwa mwaka ambao watu wa Bunia walianza tena kuvua viatu kabla ya kulala. Redio ilisema amani imekuja, ila hakuna aliyejua imefika mpaka avenue gani, kwa hiyo kila mtu aliipokea huku mguu mmoja ukiwa mlangoni. Mimi nilikuwa msichana aliyetoka kumaliza shule, na Mama Fibi, mjane mwenye cherehani mbili, alinichukua nishone naye kwenye barza yake, ile sehemu ya mbele ya nyumba inayotazama njia. Mabati ya barza hiyo yaliibwa wakati wa vita, mwenyewe akiwa amekimbia. Ya vyumba yalisalimika, sijui kwa nini. Labda wezi walichoka, labda waliitwa mahali pengine. Juu yetu alitandika turubai la buluu la misaada, na jua likipiga, nyuso zetu zilikuwa buluu, ugali ulikuwa buluu, na mteja akileta kitambaa cheupe cha komunyo ya kwanza ilibidi tukitoe mpaka njiani ili tuione rangi yake. Wa tatu wetu alikuwa Mama Lotsove, aliyekimbia kutoka upande wa Djugu na kupanga kijumba huko chini karibu na mto, naye alishona vifungo na pindo kwa mkono. Watu wa Mama Fibi walikuwa wafugaji, watu wa Mama Lotsove wakulima, na vita vilikuwa vimewasimamisha hao na hawa pande mbili. Wao wawili waliketi benchi moja. Kulikuwa na miezi fulani ambayo haikutajwa pale kabisa. Mmoja akianza kusema, "Wakati ule tulipokuwa kule," mwingine alikuwa anauliza mkasi umekwenda wapi.

Saa sita tulikula sufuria moja, bugali na mboga ya lengalenga, au ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, wakipatikana. Mama Fibi hakuweza kula mboga bila samuli, mafuta ya ng'ombe aliyoyaweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na Mama Lotsove alimtania kila siku ya Mungu: "Batu banakula, weye unapaka." Mwenzake alijibu, "Ngozi ya tumbo nayo inataka kupakwa." Utani huo ulikuwa uleule, kwa maneno yaleyale, na hatukuuchoka, kwa sababu ulikuwa njia salama. Mtu aliyepita na kutusikia angedhani tunapendana sana. Labda tulipendana. Hata hilo silijui vizuri, maana siku nyingine nilimwona Mama Lotsove akimtazama mwenzake kwa nyuma, kimya, sindano imesimama hewani, na sikutaka kujua anawaza nini.

Vitabu vilikuja ndani ya mapazia. Mzungu mmoja wa misaada alimaliza kandarasi yake akawa anauza vitu vya nyumba, Mama Fibi akaenda kununua mapazia ayakate magauni, akarudi na katoni nzima. Chini ya mapazia kulikuwa na vitabu vya Kifaransa vya mapenzi. Vyote vilikuwa vya aina moja. Kila jalada lilikuwa na mwanaume mwenye nguo za jeshi, koti wazi, kichwa kimekatwa kidevuni, na nyuma yake mji mdogo wenye kanisa na kilima. Mteja wa kwanza aliyeona kitabu kile juu ya cherehani alichukua kitambaa chake akasema atarudi kesho, na hakurudi. Hapo Mama Fibi akakishonea kitabu gauni la mabaki ya kikwembe, kitenge cha kwetu, akaweka na kifungo, tukaendelea. Kwa kuwa Kifaransa changu ndicho kilichokuwa kizima, nilisoma kwa macho na kusimulia kwa Kiswahili wakati wenzangu wanafanya kazi, na sehemu yangu ya kushona waligawana.

Kitabu tulichokaa nacho kilikuwa cha kapiteni aliyerudi kwenye mji wake mdogo kutoka vita vya mbali, mguu mmoja mbovu, na mwanamke wa hapohapo aliyeuza maua. Mwanamke huyo alikuwa ameapa hatapenda tena mwanajeshi, kwa kuwa wa kwanza alikufa. Nilidhani hadithi ni rahisi, kumbe sikuwajua wasikilizaji wangu. "Ule kapiteni," Mama Lotsove aliuliza siku ya kwanza, "mushahara yake inafika?"

"Haijaandikwa, mama."

"Kama haijaandikwa, basi inafika. Ingekuwa haifike, bangeandika mu paje ya kwanza kabisa."

"Na ule mwanamuke," Mama Fibi akaongeza, "ile maua anauzisha ni ya kula?"

"Ni ya kutazama."

Mama Fibi alikata uzi kwa meno. "Basi ni muji ya batu banashiba," akasema, na wote wawili wakaafikiana juu ya hilo, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Kisha wakataka kujua kwa nini kapiteni hatumi mtu kwa wazazi, mjomba wake yuko wapi, mbuzi ni wangapi, na kwa nini mwanamke mzima anaongea na mwanaume barabarani bila shangazi. Waligombana juu ya watu wale wa kitabu mpaka jioni. Nikiwaza leo naona kwamba walihitaji watu wa kugombania ambao hawakuzaliwa Ituri.

Mimi ndiye niliyechanganyikiwa kuliko wote. Katika kile kitabu askari akiingia dukani kwa muuza mikate, watu wanasimama kumsalimu, na mzee mmoja anamshika bega na kulia. Kwetu askari akikata kona, kuku waliingizwa ndani. Nilivuka njia nikiona buti, upande wowote buti hizo zilikotoka, kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulikuwa tumeumwa na nyoka wa kila rangi. Halafu saa nne asubuhi nakaa chini ya turubai, nampandisha kapiteni kilima na mguu wake mbovu. Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda mtu yule asiye na kichwa. Jioni nikienda nyumbani navuka tena njia. Sikujua nifanye nini na moyo wa namna hiyo, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Ajudanti Gaston alikuja kupunguza suruali. Alikuwa askari wa jeshi la serikali, mtu wa magharibi kabisa mwa nchi, ng'ambo ya mto mkubwa, aliyezoea Lingala na kujifunza Kiswahili chake hapa na pale, mtu mfupi mwenye sauti ya chini na harufu ya sabuni ya mche. Suruali za jeshi zilishonewa watu warefu. Alisimama nje ya barza akasema, "Mbote, bamama," na hakuingia mpaka Mama Fibi alipomwambia aingie, na hilo tu lilitushangaza kwa siku kadhaa. Alipewa benchi angojee. Mimi nilikifunga kitabu mapajani. Mama Lotsove, ambaye nilidhani angekuwa wa kwanza kukimbia, alishona kifungo chake bila kuinua uso, kisha akasema, "Noela, maliza. Kapiteni tulimuacha mu mvua." Basi nikamaliza. Ajudanti alisikiliza ameshika kofia kwa mikono miwili. Baada ya hapo suruali zake hazikuisha. Alileta zake, akaleta za wenzake, akaleta moja ambayo hata mimi niliona haikuwa na kasoro. Akifika, swali la kwanza lilikuwa kwangu: "Mademoiselle, leo kapiteni iko wapi?"

Kwa kuwa aliniuliza mimi, nilidhani anakuja kwa ajili yangu. Nilianza kusuka nywele kila juma. Kumbe macho yake yalikuwa yanapita juu ya kichwa changu kwenda kwenye cherehani ya pili, ya Mama Fibi, na mwenye cherehani hiyo alikuwa ameacha kuvaa kilemba cha zamani, nami sikuona. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kuna umri ambao mtu ana macho na anatazama upande mwingine.

Tulifika kwenye ile sura ambayo kapiteni anatengeneza barza ya mwanamke wa maua. Barza imeoza, mwanamke amesafiri kwa dada yake, na kapiteni, bila kumwambia mtu, anakuja na mbao na nyundo, anaitengeneza yote. Mwanamke akirudi anaikuta, na anaelewa. Hakuna neno linalosemwa. Mama Lotsove hakupendezwa. "Iko anatengeneza nyumba ya mutu bila kuuliza?" akasema. "Ule ni mwizi mwenye nyundo." Lakini Mama Fibi alikuwa amesimamisha cherehani. Aliangalia turubai lililotuna juu yetu, limejaa maji ya mvua ya usiku, akalisukuma kwa fimbo ya kupimia, maji yakamwagika njiani. "Miye," akasema taratibu, "mwanaume akinitengenezea barza sawa vile, bila kusema kitu, nitakaa chini nilie tu." Tulicheka. Ajudanti alikuwa kwenye benchi, anangojea suruali ambayo haikuwa na kasoro.

Juma lililofuata Mama Fibi alipanda lori kwenda Ariwara kununua vikwembe. Asubuhi yake Ajudanti akafika na askari wawili, wamevaa singlendi na suruali za kazi, wamebeba mbao na mabati yanayong'aa. Aliweka kidole mdomoni. "Mademoiselle, usiseme kitu. Sawa mu kitabu." Aliyeketi chini ya turubai lile kutwa nzima alikuwa ni mimi, kwa hiyo nilijiambia kwamba barza hii, angalau nusu yake, inajengwa kwa ajili yangu. Nikawapikia chai. Nikashika ngazi. Bunduki zao waliziegemeza kwenye cherehani yangu, kwa sababu askari haachi bunduki kambini, na mimi kwa furaha ile nikazifunika kitambaa zisipate vumbi. Ukitazama kutoka ndani, palikuwa na kapiteni na mwanamke wa maua. Kutoka njiani, palikuwa na basoda, yaani askari, watatu juu ya nyumba ya mjane ambaye hayupo.

Watu walipita wakapunguza mwendo, wakapita tena. Hakuna aliyesalimu. Bunia yote ilijua jambo hilo linavyokwenda: wakati wa vita, mwenye bunduki aliingia kiwanja cha mtu aliyekimbia, akatengeneza barza, kisha akafunga mlango, kisha akaleta mke, na mwenye kiwanja aliporudi aliulizwa yeye ni nani. Mama Lotsove alikuja saa ya kazi, akasimama chini ya mabati, asiketi. Mwaka ule kila bati la mji wetu lilikuwa na historia, na watu walijifunza kuisoma: bati lenye matundu ya zamani ya misumari lilitoka juu ya nyumba ya mtu. Alipandisha mkono akapapasa moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayetafuta uvimbe kwenye shingo ya mtoto. Hakukuta tundu la zamani. "Ni mupya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekatishwa tamaa. "Haikutoka kwa mutu." Hata hivyo alichukua sindano zake akaondoka.

Mama Fibi alirudi siku ya tatu juu ya pikipiki, mizigo ya vikwembe nyuma yake. Habari ilikuwa imemfikia njiani, bila shaka, kwa sababu alishuka kabla ya kufika. Ajudanti alikuwa juu ya ngazi anapigilia msumari wa mwisho. Mama Fibi aliangalia mabati, akaziangalia bunduki kwenye cherehani, akakaa chini juu ya mzigo wake katikati ya njia, akalia. Kwanza alilia mdomo wazi bila sauti, kisha sauti ikaja. Na Ajudanti alishuka akitabasamu. Alifuta mikono kwenye suruali, akasimama mbele ya benchi, akanitazama na kunitikisia kichwa kidogo, maana mwanamke alisema atakaa chini alie, na sasa amekaa chini analia. Nilisimama katikati yao. Niliona furaha ya mmoja na hofu ya mwingine, na sikuelewa ni ipi iliyokosea, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanafanya kile walichosema. Jioni ile mwenye nyumba hakuingia nyumbani kwake. Alikwenda kulala kwenye kijumba cha Mama Lotsove, mkimbizi, na Mama Lotsove alimtandikia kitanda chake mwenyewe.

Shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, mzee aliyevaa koti la suti na ndala, aliwaita wote kwake, na majirani wakajaa uani. Ajudanti alikuja bila bunduki. Alipoulizwa nani alimtuma kupanda juu ya nyumba ya watu, alisema, "Kitabu." Basi kitabu kikaitwa, nami nikaitwa pamoja nacho. Nikasimama mbele ya wazee, nikafungua kile kifungo cha kikwembe, nikasoma sura ya barza neno kwa neno, Kifaransa kisha Kiswahili. Walisikiliza vizuri kuliko wanavyosikiliza kanisani.

"Ule kapiteni ni wa bataillon gani?" shefu aliuliza.

"Haijaandikwa, papa."

"Na kisha kumaliza kutengeneza, alilala wapi?"

Nilifungua kurasa za mbele, nikatafuta. "Alilala mule nyumba," nikasema.

Uani pakatoka mguno mmoja mrefu. Nilisema yaliyoandikwa, na nikiulizwa tena leo nitasema hayohayo, ila mpaka sasa sijui kama ndicho kilichokuwa kinaulizwa. Ajudanti alisimama. "Miye ninalala camp," akasema. "Miye sitaki parcelle, sitaki kiwanja ya mutu. Mama alisema akitengenezewa barza atakaa chini alie. Nilisikia na masikio yangu. Alikaa chini, alilia. Nilijua ni furaha." Alisema hivyo bila hasira, kama mwanafunzi aliyefanya hesabu vizuri na kuambiwa jibu si hilo. Mama Fibi aliziba mdomo kwa ncha ya kikwembe. Nilimwona akimtazama kwa mara ya kwanza toka arudi, na sikuweza kujua kama anataka kucheka au anataka kulia tena.

Shefu akamgeukia Mama Fibi. "Mama, hapa kwetu bati haina mudomo, lakini inasema," akamwambia. "Zikibaki kule juu, maana yake umekubali mwenye alizipandisha. Zikishuka, umekataa. Hakuna katikati. Sema."

Ilikuwa majira ya mvua. Kazi yake yote ilikuwa chini ya barza ile, na turubai lilikwisha kuchanika lilipoondolewa. Akiyaacha mabati, mji mzima utasema amechukuliwa na mwenye bunduki, yeye na kiwanja chake. Akiyashusha, anamshusha nayo mtu aliyengoja aambiwe aingie. Mama Fibi alisimama, akajifunga kikwembe upya kiunoni, polepole, upande mmoja kisha mwingine. "Zishuke," akasema. Kisha, watu walipokuwa wanaanza kuinuka, akaongeza bila kumtazama mtu: "Na yeye, kama iko na baba-mukubwa, amutume. Na mbuzi. Bati zinaweza kungojea."

Aliyashusha mwenyewe, Ajudanti, peke yake bila wenzake. Aling'oa kila msumari, akaunyoosha juu ya jiwe, akautia kwenye kopo la tomati. Mabati akayaegemeza ukutani nyuma ya jiko, akasema baba yake mkubwa yuko mbali, njia yake ni ya ndege na ya boti, lakini atakuja. Haukupita muda, kikosi chao kikahamishwa kwenda kaskazini. Asubuhi ya kuondoka alipita kwenye barza, lori linanguruma kule barabarani. Mama Fibi alimpa suruali ya mwisho imepigwa pasi, akakataa malipo. Walishikana mkono jinsi watu wanavyoshikana mlangoni mwa kanisa. Mimi aliniuliza, "Mademoiselle, mwisho kapiteni alifanya nini?" Tangu siku ya wazee hatukuwa tumekifungua kitabu. "Bado hatujafika," nikamwambia. Alitikisa kichwa akasema basi nimwekee.

Nilikisoma mwisho wake peke yangu, mwezi uliofuata. Walioana, bila shaka, katika lile kanisa la jaladani, na mji wote ulikuja. Nilikasirika na kitabu kile kuliko nilivyowahi kukasirika na mtu, na sikujua nakasirikia nini. Kutoka kaskazini tulisikia habari za mapigano, kisha tukasikia habari nyingine za mapigano, na jina lake halikutajwa kati ya walio hai wala kati ya waliokufa. Nikaolewa Ariwara. Djugu ikawaka tena miaka ya baadaye, Mama Lotsove akafa nyumbani kwa Mama Fibi, kwenye kitanda cha Mama Fibi. Mabati hayakuondoka. Mama Fibi alihamishia cherehani chumbani, akaiacha barza na mbao zake juu, uchi, na watu wakamsema: nyumba nzuri, usoni haina kofia. Mfanyabiashara mmoja wa samaki wa Mahagi-Port alimtumia wajumbe wa heshima, akawajibu, "Barza yangu haina bati, bwana yenu atakaa wapi?" Lakini kila mara mzee mgeni alipoonekana kwenye avenue ametembea kutoka mbali, majirani walimwona akitoka na kitambaa na kufuta benchi.

Niliwahi kumuuliza, nilipomtembelea nikiwa na watoto tayari, kwa nini asiyauze au asiyatumie. Nilitaka aniambie kama alimpenda au alimwogopa, kama anamchungia mume mali yake au anamchungia askari asije akadai. "Si zangu," akasema. Nikamuuliza ni za nani basi. Akamimina samuli kwenye mboga. "Si za mutu mwingine pia," akasema, akanisukumia sahani. Nilirudi Ariwara na jibu hilo, na sikuweza kulilalia.

Haya yote yalinipitia nikiwa nashika kikombe cha maji pale matangani, na Dezire bado amesimama, mvua imeanza kudondoka. "Tantine, ni za nani?" akauliza tena. Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Ni za bwana yake," nikasema.

Wanawake wachanga walitazamana, kwa sababu walijua mume wa Mama Fibi alikufa kabla ya vita, na kwamba mtu huyo hakuwahi kupanda juu ya nyumba ile. Mzee mmoja, aliyekuwa na koti la suti lililochakaa mabegani, mtoto wa yule shefu, alikohoa akatazama chini. Vijana hawakuwa na muda wa mambo yetu. Waliyatupa mabati juu ya mbao za barza na kuyapigilia haraka, na jeneza likasogezwa chini yake. Mvua ilikuja kwa nguvu. Ilipita kwenye matundu ya misumari ya zamani, yale ya Ajudanti tu, maana hayakuwa na mengine, ikadondoka juu yetu matone machache, na hakuna mwanamke aliyesogea. Hapo ndipo nilipolia vizuri.

Tulimzika kesho yake. Tuliporudi kutoka makaburini Dezire alileta ngazi, akaiegemeza kwenye barza, akaniuliza kama sasa ayashushe, ayarudishe nyuma ya jiko.

"Ziache," nikamwambia.